Shajara ya mradi: transfoma ya tani 54 kutoka bandari ya Mkoani hadi Chake Chake

Wiki 26 kabla ya tishari (chombo bapa cha majini cha kubebea mzigo)

Mzigo ni transfoma moja ya kituo cha kupozea umeme. Ikishavuliwa mafuta, rejeta, tangi la juu na vihami vyake, inabaki tani 54. Urefu mita 5.8, upana 2.9, kimo 3.75. Itakaa juu ya trela la ekseli za haidroli lenye mistari 8, kila mstari matairi 8. Trela pamoja na maboriti ya kukalia mzigo lina tani 32, kwa hiyo jumla ni 86: tani 10.75 kwa mstari, na kama tani 1.34 kwa kila tairi. Sitaha ya trela likitembea ipo mita 1.15 juu ya lami. Ongeza sentimita 5 za mbao za kuzuia kuteleza, kimo chote ni mita 4.95.

Hesabu hizi zimeandikwa kwenye karatasi moja yenye mchoro wa ekseli, na juu yake "Toleo 1". Hakuna barua itakayotoka bila karatasi hiyo. Ofisi tano zikipewa maelezo matano yaliyoandikwa na watu watano, kila moja itatoa kibali cha mzigo wake, na siku ya kazi vibali havitalingana.

Nani mwenye nini: barabara ni ya Wakala wa Barabara Zanzibar, nyaya za umeme ni za ZECO (shirika la umeme), mabomba ni ya ZAWA (mamlaka ya maji), gati ni la Shirika la Bandari, tishari linakaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Polisi na forodha ni taasisi za Muungano. Wapo waliozoea kazi za Bara, ambako kikomo cha tani 56 kwa ekseli 7 kinatokana na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 na kibali cha mzigo maalumu kinaombwa kwa utaratibu wa huko. Karatasi ya Bara haiifungui barabara ya Pemba. Kila kitu kinaombwa upya hapa.

Wiki 25

Njia imepitiwa yote kwa mwendo wa mguu na pikapu: Mkoani, Mtambile, hadi nje kidogo ya Chake Chake. Juu ya pikapu imefungwa fimbo isiyopitisha umeme, ncha yake ipo mita 5.25 kutoka lami, yaani kimo cha mzigo na sentimita 30 za usalama. Kila waya ulioguswa umeandikwa: nambari ya nguzo iliyo karibu, wa umeme au wa simu, unakatisha barabara au unaingia nyumbani.

Upimaji umefanywa kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Waya hulegea jua linapowaka na hukaza usiku. Ukipima asubuhi na mapema utapata kimo kizuri kuliko cha kweli, na orodha itapungukiwa. Fimbo imegusa nyaya 38. Zenye msongo mkubwa hazikuguswa hata moja, zimeinuliwa vya kutosha. Tabu iko kwenye nyaya za kuingilia majumbani na za mawasiliano, hasa pale nyumba ilipojengwa bondeni na nguzo ipo ng'ambo ya barabara.

Jambo ambalo ramani haionyeshi: msimu wa karafuu umefunguka, na pembezoni mwa lami majamvi yametandazwa karafuu zinazoanikwa, mbichi za kijani upande mmoja, zilizokwishageuka hudhurungi upande wa pili, na makonyo yamerundikwa kando. Maeneo mengine jamvi limeingia ndani ya lami nusu mita. Trela lina upana wa mita 3, na kwenye kona mkia wake unakata ndani zaidi. Kupita hapa msimu ukiwa umepamba moto ni kumwambia mtu akunje mavuno yake kwa ajili yetu. Haifai kuombwa. Tarehe ndiyo itakayosogea.

Wiki 23: tarehe

Wengi huanza na meli, kisha wanakimbilia vibali. Sisi tumeanza na bahari na kalenda.

Tishari litafunga nyuma kwenye gati na trela litatoka likiwa limebeba mzigo, likivutwa na kichwa, yaani gari la kuvuta trela. Sitaha ya tishari na uso wa gati lazima viwe karibu sawa kwa muda wote wa kutoka. Siku za bamvu, yaani maji makubwa, kujaa na kupwa kwetu kunatofautiana kama mita 4, na nusu ya tofauti hiyo hupita katika saa mbili za katikati. Hiyo ni mita moja kwa saa, na hakuna pampu ya tishari inayolifuata jambo hilo kwa utulivu. Siku za maji mafu, bahari inaposogea kidogo, tofauti ni kama mita moja tu, hivyo katika saa hizo hizo uso wa bahari hausogei zaidi ya sentimita 25 kwa saa. Kama tungekuwa tunapanda ufukweni, tungelihitaji bamvu ili tishari lifike juu. Kwenye gati lenye kina cha kutosha, maji mafu ndiyo siku zetu. Faida ya pili: siku hizo maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi, kazi inafanyika mchana kweupe.

Maji mafu yanafuata mwandamo: kama tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Miezi ya vuli imeondolewa, ni mvua na karafuu. Masika nayo imeondolewa. Kilichobaki ni Shaabani, ambayo safari hii inaangukia kwenye kaskazi, baina ya vuli na masika. Chaguo la kwanza ni 8 hadi 10 Shaabani, akiba ni 23 hadi 25. Baada ya hapo ni Ramadhani, na kazi yetu ya barabarani ni ya usiku: watu watakuwa njiani kwa tarawehe, kisha wanaamka kwa daku. Baada ya Ramadhani, masika. Kwa hiyo tukizikosa nafasi hizo mbili, mzigo utasubiri miezi minne au zaidi.

Mkataba wa tishari umeandikwa kwa kufuata hilo: tarehe mbili, na wiki mbili za kusubiri katikati zikiwa na bei iliyokubaliwa mapema.

Wiki 21

Kikao cha pamoja, Chake Chake, kabla ya barua yoyote rasmi. Walioalikwa: wahandisi wa barabara, umeme na maji, bandari, usafiri baharini, usalama barabarani, forodha, ofisi za mkoa na wilaya mbili, mabaraza ya mji ya Mkoani na Chake Chake, kampuni za simu, zimamoto, na masheha wa shehia zote ambazo njia inapita. Saa 3 asubuhi hadi saa 6, siku ya Jumanne. Usiite kikao kama hiki Ijumaa.

Sababu ya kuwakutanisha ni fundo linalojulikana: usalama barabarani hawawezi kusindikiza bila kibali cha barabara, kibali cha barabara kinataka mpango wa usindikizaji, umeme hawakati laini bila tarehe ya polisi, bandari haitoi nafasi bila tarehe ya umeme. Kila mmoja ana haki. Ukizunguka na bahasha ofisi kwa ofisi unaweza kumaliza miezi miwili ukiwa pale pale. Mezani, kila mmoja ametoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa masharti, na masharti hayo yameandikwa kwenye jedwali moja: sharti, mwenye kulitimiza, siku ya mwisho.

Masharti yaliyotoka kwa masheha yalikuwa mazito kuliko ya wahandisi. Mmoja ametaja msiba: mtu akifariki mchana huo, jeneza litapita vipi usiku au alfajiri? Mwingine ametaja wavuvi wanaoteremka pwani alfajiri na samaki wanaotakiwa kuwahi soko. Yote mawili yameingia kwenye mpango kama vituo vya kupishana, yaani sehemu ambazo trela litasogea kando na kuruhusu njia ndani ya dakika 15. Vimepatikana 9.

Wiki 18: makalvati na madaraja

Kalvati dogo halijali jumla ya tani 86. Linajali kile kilicho juu yake kwa wakati mmoja, yaani mstari mmoja au miwili. Tani 10.75 zilizogawiwa matairi 8 si mbaya kuliko lori la mchanga lililojazwa kupita kiasi. Daraja lenye nafasi ndefu ni kinyume chake: mistari yote 8 imo ndani ya mita 10.5, kwa hiyo linabeba karibu mzigo mzima. Hesabu hizi mbili zimepelekwa kwa Wakala zikiwa zimetenganishwa, na hilo limefupisha mjadala.

Kila kalvati limechunguzwa kwa tochi kutoka pande zote mbili. Tunachotafuta: ufa wa urefu juu ya paa la bomba, kiungo kilichoachana, na udongo uliokokotwa na maji nyuma ya ukuta. Kisha kina cha kifusi juu ya bomba kinapimwa. Penye kifusi chini ya sentimita 60 au ufa, tunaweka mchanga sentimita 10 kisha bamba la chuma la mita 6 kwa 1.5, unene milimita 25. Bamba moja ni kama tani 1.77, hivyo linahitaji lori lenye winchi linalotangulia. Mabamba 14 yanatosha kwa sababu yanaokotwa nyuma na kupelekwa mbele.

Sharti la daraja: trela lipite katikati, mwendo wa mtu anayetembea polepole, bila kufunga breki na bila kubadilisha gia juu yake. Gari jingine lolote lisiwepo, hata la kusindikiza.

Wiki 15

Matawi. Miembe na mibuyu imeombewa ruhusa ya kukatwa matawi kupitia ofisi ya misitu na mabaraza ya mji. Mkarafuu ni suala jingine. Ulinzi wake umo katika Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014, na juu ya sheria ni mali na urithi wa watu. Mikarafuu miwili imeinamia njia. Haitaguswa. Trela litashushwa kwa haidroli sentimita 30 na kupita upande wa pili wa barabara, na sehemu zote mbili ziko sawa, hazina mwinuko wala tuta, kwa hiyo inawezekana.

Wiki 12: Toleo 2

Tatizo. Mchoro wa usafirishaji tuliokuwa nao ni wa kuidhinishwa, uliochorwa kabla ya transfoma kujengwa. Sasa umekuja ule wa transfoma kama ilivyojengwa, na kimo ni mita 3.87. Sentimita 12 zimeongezeka, ni kifuniko cha chuma kinacholinda vali ya juu wakati wa safari. Kimo chote sasa ni 5.07, na fimbo lazima ipande hadi 5.40.

Njia imepimwa tena mchana kutwa. Nyaya zinazoguswa sasa ni 51. Kifuniko hakiwezi kuondolewa, vali ipo chini yake. Toleo 2 limepelekwa kwa kila ofisi siku ile ile, na Toleo 1 limerudishwa na kuchanwa. Ofisi moja ilikuwa imeshaandaa kibali kwa namba za zamani, na kimeandikwa upya. Kwa anayeanza kazi ya aina hii: siku ya kwanza omba mchoro wa "kama ilivyojengwa", na ukiambiwa haupo, pima kwa kimo kilichoongezwa sentimita 25. Fimbo ndefu haigharimu kitu.

Wiki 8: mlima

Mpando mkali kuliko yote tuliopima ni asilimia 8. Kichwa chenye ekseli mbili za kuvuta, kikiwekewa mawe ya uzito, ni tani 34, na tani 25 kati ya hizo zimekaa juu ya magurudumu yanayovuta. Jumla ya msafara ni tani 120. Mpando unadai tani 9.6, matairi kubiringika yanadai 1.8 hivi, jumla 11.4. Lami kavu inampa kichwa kama tani 15 za kushika. Lami iliyoloa yenye tope jekundu inampa chini ya 9. Hapo magurudumu yatazunguka bila kwenda, na trela litataka kurudi.

Kwa hiyo kichwa cha pili kitafungwa nyuma kwa fimbo ya chuma, si kwa mnyororo, kwa sababu mnyororo hauwezi kusukuma. Kupanda kinasukuma, kuteremka kinashika. Na hata hivyo, mvua ikinyesha kazi inasimama kwenye kituo cha kupishana kilicho karibu. Sharti hili limeandikwa ndani ya kibali kwa ombi letu wenyewe, ili usiku huo asitokee mtu wa kusema tujaribu.

Kona tatu ngumu zimefanyiwa mazoezi uwanjani. Kingo za barabara zimechorwa kwa chokaa na kamba kwa vipimo vya kweli, trela tupu limepitishwa, na mtu wa usukani wa nyuma amekaa na redio yake akijifunza lini aanze kugeuza. Mara ya kwanza tairi la mwisho lilikata chokaa kwa sentimita 40. Mara ya nne halikugusa.

Wiki 5

Nyaya 51 zimegawiwa makundi matatu. Za kuinuliwa kwa fimbo trela linapopita: 29. Za kupandishwa moja kwa moja kwa nguzo mpya au kukazwa: 13, kazi imeshaanza, na wenye nyumba watabaki na waya mzuri kuliko wa awali. Za kufunguliwa usiku huo na kurudishwa kabla ya alfajiri: 9. Fimbo huinuliwa na mafundi wa umeme peke yao. Kijana wa trela haruhusiwi hata kama waya unasemekana hauna moto.

Tangazo la kuzimwa umeme litapitia kwa masheha, misikitini baada ya sala na kwa kipaza sauti cha gari, mara tatu: siku 7 kabla, siku 2 kabla, na siku yenyewe. Kwa upande wa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, gari la wagonjwa limepewa redio yenye mawimbi ya msafara, na jenereta imeombwa iwashwe kwa majaribio usiku mmoja kabla.

Wiki 2

Ukaguzi wa tishari. Minyororo 12 ya milimita 13, kila mmoja uwezo wa tani 10, na vizuizi vya chuma vimechomelewa mbele na nyuma ya trela. Hesabu za uthabiti zimepitiwa mstari kwa mstari, na abiria hawaruhusiwi hata mmoja. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikija huku Pemba, na hakuna nyumba hapa inayouchukulia wepesi ukaguzi wa baharini. Sisi pia hatuuchukulii hivyo. Mkaguzi ameongeza minyororo miwili, ikawa 14.

Forodha: hati zimefunguliwa kabla mzigo haujafika Dar es Salaam, ambako kreni ya meli inaiweka transfoma moja kwa moja juu ya trela lililo kwenye tishari. Makosa ya kawaida hapa ni vifurushi. Transfoma ni moja, lakini rejeta, vihami na mapipa ya mafuta yana orodha zake, na uzito ukitofautiana baina ya orodha na hati, mzigo wote unazuiwa kwa ajili ya kreti moja.

Ndani ya transfoma kuna naitrojeni kavu kwa shinikizo la 0.25 bar, ili unyevu wa bahari usiingie kwenye karatasi za kuhami zilizo ndani. Geji inasomwa saa 12 asubuhi kila siku, kabla ya jua. Ukisoma mchana utadanganyika: joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 45, 0.25 inakuwa kama 0.33 bila gesi yoyote kuongezwa, na uvujaji mdogo unafichika.

9 Shaabani, Mkoani

Tishari limefunga saa 2 asubuhi. Geji: 0.24. Kinasa mtikisiko: hakuna kilichokaribia kikomo cha mtengenezaji, 3 g. Trela limeanza kutoka saa 3:20. Kila mistari miwili ikivuka, linasimama, pampu zinaingiza maji nyuma ya tishari kwa sababu upande ulioachiwa uzito unataka kupanda, kisha linaendelea. Mstari wa nane umegusa gati saa 4:35, maji yakiwa yamejaa.

Usiku wa kwanza na wa pili

Kuondoka saa 4 usiku. Mwendo wa kilomita 8 kwa saa penye usawa, 3 mlimani. Karibu na Mtambile mvua ya rasharasha imeanza saa 7:50 usiku, msafara umeingia kituo cha kupishana cha 4 na kusimama saa nzima na robo mpaka lami ikakauka. Kwa sababu hiyo usiku wa kwanza umeishia kabla ya uwanja uliopangwa. Kituo cha 4 kilikuwa na ruhusa ya kulala pia, sheha alikuwa ameitoa kwa maandishi, na walinzi wamehamishiwa hapo pamoja na taa.

Usiku wa pili gari la wagonjwa limeita saa 8:10. Trela limekaa kando, njia ikafunguka ndani ya dakika 11. Mikarafuu miwili imepitwa kwa nafasi ya sentimita 20. Transfoma imeingia kituo cha kupozea umeme saa 10:40 alfajiri, kabla ya adhana.

Siku 6 baadaye

Ukaguzi wa pamoja wa barabara, kwa picha zilizopigwa kabla na baada, kutoka alama zile zile za rangi. Ukingo wa lami umemeguka mita 3.5 kwenye kona ya pili, na tutaujaza. Kalvati moja lina ufa uliokuwepo kwenye picha za kwanza, haukuongezeka. Nyaya 9 zilizofunguliwa zimerudi zote, wenye nyumba wametia saini.

Bado: bamba moja la chuma lipo njiani kusubiri lori, na waya mmoja wa simu umekazwa kupita kiasi, unavuta nguzo. Fundi anakwenda kesho asubuhi.